Blanketi la Themanini na Tatu

Kwa karibu miaka ishirini Metroni aliniita Themanini na Tatu. Ilikuwa namba yangu ya nguo katika shule ya bweni, na kwake yeye msichana na namba yake walikuwa kitu kimoja. Namba ilishonwa kwa uzi mwekundu kwenye pembe ya kila kitu: shuka, foro, gauni la kulalia, hata lile blanketi la shule la rangi ya majivu. Majina yetu aliyaacha kwa walimu. "Mimi ni wa vitanda," alikuwa akisema, "si wa mitihani."

Sijui alizaliwa wapi na sitajifanya najua. Nilisoma mpaka kidato cha pili tu, tena sikukimaliza, na nikiandika juu ya mtu naogopa kumwongeza au kumpunguza. Kwa hiyo naandika niliyoyaona. Niliyoambiwa, nitasema nani aliniambia.

Baada ya shule nilikuja kumwona tena Kawangware, sokoni, miaka ya sabini. Wakati huo nilikuwa nimeolewa, nakaa Kibera, Kambi Muru, na kazi yangu ilikuwa kufulia watu nguo na kupiga pasi. Nilikuwa nimesikia kabichi za Kawangware ni kubwa, nikaenda kwa miguu na mtoto mgongoni. Nikiwa nimeinama juu ya kabichi nikasikia nyuma yangu:

"Themanini na Tatu!"

Mgongo ulinyooka wenyewe, kabla akili haijafika.

"Metroni."

"Bado unapinda shingo ukitembea."

"Ni mtoto, Metroni. Ni mzito."

"Mtoto yuko mgongoni. Shingo imekosa nini?"

Muuza kabichi alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Metroni akamgeukia akamwambia apange zile kabichi mstari mmoja, zinaonekana kama wanafunzi wa siku ya kwanza. Na yule mama akazipanga. Kisha Metroni akaniuliza kama nimekunywa chai. Hakuniuliza kwa nini niliacha shule. Nilishukuru, na nikaogopa, vyote pamoja.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa. Siku niliyotoka shuleni, nilitoka na blanketi.

Ilikuwa hivi. Mjomba wangu alikuja kunichukua alfajiri kwa sababu mama alikuwa mgonjwa sana. Shule yetu ilikuwa juu mlimani, baridi ya kule inaingia mpaka kwenye meno, na ilikuwa inanyesha. Nilijifunika blanketi nikatoka nalo mabegani. Nilijiambia nitalirudisha nikirudi, lakini sikurudi. Mama alilala miezi minne na lile blanketi lilikuwa juu yake miezi yote minne, kisha akapona, na mimi nikawa nimeshakuwa msichana wa nyumbani, si wa shule. Nilipoolewa nikaja nalo Nairobi. Huku likawa blanketi la kupigia pasi. Siku moja nilisahau pasi ya makaa juu yake, likaungua katikati, alama ya pasi kamili, hata ncha inaonekana.

Shuleni kulikuwa na sheria: blanketi la bweni likipotea, kiranja wa bweni hilo anatoa lake ili hesabu itimie. Kila msichana aliijua. Mimi pia niliijua nilipokuwa napita getini. Sikumfikiria kiranja. Ningependa kuandika kwamba nilimfikiria, lakini sikumfikiria.

Metroni alipostaafu alirudi kwenye shamba la kwao Kawangware, upande unaoitwa Kongo, ambalo halikuwa shamba tena bali ploti yenye vyumba vya mbao na mabati, viwili viwili vikitazamana. Wapangaji wake aliwakagua kama bweni. Jumamosi asubuhi alipita na kifimbo, anagonga mlango, anaingiza kichwa, anatazama kitanda. Fundi mmoja wa magari, aliyemwita Cucu, yaani bibi, alimwambia mbele yangu:

"Cucu, mimi nalipia nyumba. Kitanda ni changu."

"Kitanda ni chako. Aibu ni yangu."

Yule fundi alihama kwa hasira akaenda Kibera. Baada ya miezi miwili akarudi akiomba chumba kilekile. Nilimuuliza mwenyewe kwa nini. Akasema, "Mama Otieno, hata sijui. Kule hakuna mtu wa kunigombeza."

Kanisani ilikuwa hivyohivyo. Mchungaji akiwa katikati ya maombi, macho ya watu yamefungwa, Metroni alikuwa akisimama polepole na kwenda kukunja pembe ya kitambaa cha meza ya mbele iliyokuwa imening'inia vibaya. "Kona," alinong'ona, kama anayesema amina. Neno hilo ndilo lilikuwa salamu yake, onyo lake, na mara nyingine pole yake. Mtu amefiwa, anakuja analia, Metroni anamkalisha kitandani, anaanza kumtandikia upande ule mwingine huku akisema taratibu, kona, kona, mpaka mwenye msiba anajikuta amesimama anamsaidia kuvuta shuka.

Sasa ni lazima niandike na hili, ili nisimfanye malaika. Kitanda chake mwenyewe hakikutandikwa. Nilikiona mara moja, nilipotumwa kuchukua miwani yake. Mablanketi yalikuwa fundo moja katikati kama ng'ombe aliyelala. Niliporudi alinitazama usoni akajua.

"Umeona."

"Sijaona kitu, Metroni."

"Miaka ishirini na sita nimetandika vya watoto wa watu. Changu kinapumzika."

Na alikuwa mkali kuliko ilivyohitajika. Shuleni alisoma barua zetu zote kabla hatujazisoma sisi, na mstari ambao hakuupenda aliufuta kwa wino. Mpaka leo kuna mambo dada yangu aliniandikia ambayo sitayajua. Nilipomkumbusha hilo, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, alisema ilikuwa sheria ya shule. Hakusema pole. Pengine ilikuwa kweli sheria ya shule. Lakini wino ulikuwa wake.

Katika ploti ile kulikuwa na chumba kimoja kizuri kuliko vyote, cha mbele, kinachotazama barabara, sakafu ya simiti. Hakukipangisha. Mwanawe aliyekuwa na duka la vipuri alimsumbua kila mwaka. Nilisikia kwa masikio yangu:

"Mama, chumba hiki ni duka kabisa! Watu wananiuliza."

"Waambie kina wenyewe."

"Wenyewe gani? Kimejaa mablanketi kuukuu ya shule. Shule yenyewe haikukumbuki."

"Mimi naikumbuka. Tunahitaji wangapi wa kukumbuka?"

Maana kila Desemba lori la kabichi lilikuja Nairobi kutoka kule mlimani, na juu ya kabichi walipakia mablanketi yaliyochakaa ya shule yetu. Mwenye lori alikuwa na binti pale, kwa hiyo hakuona shida. Mablanketi yakashushwa kwa Metroni. Kabla shule hazijafunguliwa, Jumamosi moja, sisi wa zamani tulikuja kuyashona: viraka, pindo, na namba mpya kwa uzi mwekundu. Jumapili asubuhi lori lililorudi tupu lilipita kuyachukua. Hakuna mtu aliyepanga jambo hili kwa mkutano wala kwa barua. Nilivyoambiwa, Metroni alimkuta msichana mmoja wa zamani kwenye foleni ya posta, akamwambia, "Nina sindano, una mikono," ikaanza hivyo.

Alinikaribisha na mimi mwaka uleule tuliokutana sokoni. Nilikataa. Nilimwambia wale ni wauguzi, ni walimu, wana vyeti, mimi sikumaliza.

"Ulilala shuleni?"

"Ndiyo, Metroni."

"Usiku ngapi?"

"Sijui. Mwaka mmoja na nusu."

"Basi keti. Sindano iko pale."

Ndani ya chumba kile hakuna aliyetumia jina. Mke wa chifu mmoja alikuwa Kumi na Tisa. Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi alikuwa Mia na Nne, na alipochelewa alisimama mlangoni akisubiri aambiwe aingie. Tulikunywa chai kwa vikombe vya bati na tulichekana kama zamani. Mimi nilikaa karibu na mlango. Hakuna aliyenifanya nijione mdogo, naandika hili kwa haki yao. Nilijifanya mwenyewe.

Aliyekuwa kiranja wa bweni letu alikuja pia kila mwaka. Jina lake ni Rosa, na ndani ya chumba alikuwa Sitini na Moja. Wakati huo alikuwa muuguzi wa wodi ya akina mama, mnene, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya barabara. Metroni alikuwa akimpa Rosa kikombe cha kwanza cha chai, kila mwaka, hata kama mke wa chifu alitangulia kufika. Nilidhani ni kwa sababu ya uuguzi.

Mwaka wangu wa pili wa kushona, Rosa alisimulia.

"Nyinyi mnalalamika baridi ya Kawangware? Mimi nililala muhula mzima bila blanketi kule juu! Blanketi la mtu lilipotea, nikatoa langu. Nikalala na koti, na soksi mikononi. Wasichana wakaniita Mzee wa Soksi, mnakumbuka?"

Wote wakaangua kicheko. Rosa naye alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi nilijidunga sindano kidoleni, damu ikaingia kwenye uzi mwekundu na haikuonekana. Niliangalia upande wa Metroni. Alikuwa ameinama juu ya kiraka, hacheki.

Sikusema kitu. Mwaka uliofuata nilikuja, sikusema. Na uliofuata. Nilikuwa nikimpelekea Rosa mboga kutoka bustani ya jirani yangu na akawa anashukuru, na kila shukrani ilinichoma. Nikirudi Kambi Muru nilipiga pasi mashati ya watu juu ya blanketi lililomfanya alale na koti. Mara nyingi niliamua kusema, na nikifika pale naona wanavyonisogezea kiti, natamani kubaki na kile kiti mwaka mmoja zaidi. Sina maelezo mengine.

Mara nne au tano waliniambia nipande lori Jumapili niende nao kushusha mablanketi, nione shule. Walisema ile miti ya mbele imekuwa mirefu, na wasichana hupanga mstari wakiimba. Kila mara nilikuwa na nguo za mtu za kufua.

Kisha macho ya Metroni yakaanza kwenda. Yaliingia ukungu, kwanza moja halafu la pili. Hakukubali kwa muda mrefu. Aliendelea kukagua vitanda vya wapangaji, ila sasa alipapasa badala ya kutazama, na yule fundi wa magari aliniambia ni afadhali zamani, maana vidole vyake vinaona zaidi. Aliendelea kumwandikia mwalimu mkuu wa shule yetu kila mwezi, sasa kwa mkono wa mjukuu: juu ya uji, juu ya kukausha magodoro, juu ya panya. Nadhani alijibiwa mara mbili. Zile barua mbili alizitia kwenye Biblia.

Mwaka ninaotaka kumalizia nao ni katikati ya miaka ya themanini. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, hatukuwa na viraka tu. Sisi wa zamani tulikuwa tumechanga mablanketi mapya ya bweni zima, lile letu, namba sitini na moja mpaka mia moja na ishirini. Yalikuwa yamefungwa kwa kamba, yananukia duka. Metroni aliyanusa kwanza, moja baada ya jingine, kama mtu anayesalimia wageni. Kisha akatugawia. Mimi alinipa themanini mpaka mia moja.

Nilifanya kazi vizuri siku ile, hata sifa nilijipa. Kazi ya sindano ndiyo jambo moja ninalolijua. Saa sita nilikuwa nimemaliza fungu langu, wengine wametoka uani kula, nikamletea Metroni ayakague. Alikuwa amekaa juu ya godoro, kifimbo kando. Akachukua moja moja, akapitisha kidole juu ya uzi.

"Themanini. Kona nzuri. Themanini na moja. Themanini na mbili."

Akavuta lililofuata. Kidole kikapita, kikarudi, kikapita tena.

"Themanini na nne."

 Nilichukua fungu nikaangalia. Nilikuwa nimeshona themanini na mbili, nikaruka, nikashona themanini na nne, na mwisho wangu ulikuwa mia moja na moja, namba ambayo si yangu. Sikuiruka kwa makusudi. Mkono wangu ulijua kwamba themanini na tatu liko Kambi Muru, juu ya meza, na lina alama ya pasi.

"Metroni," nilisema, "mimi ndiye..."

"Nilikuona," alisema.

Sikuelewa.

"Asubuhi ile. Nilikuwa dirishani kwa stoo, nimeshika taa. Nikakuona unapita na mjomba wako, blanketi mabegani. Mlinzi alikuwa anageuka. Nikaizima taa asikuone."

Nje mtu alikuwa anacheka, sufuria inagongwa. Yeye aliendelea kupapasa ule uzi.

"Mchana mwalimu mkuu akahesabu idadi tu, namba hakuzisoma. Ningesema nilikuona, ningeulizwa kwa nini sikukusimamisha. Kwa hiyo sheria ikafuatwa. Siku ile nilikuwa na huruma ya mtu mmoja tu, na wewe ndiye uliyepita kwanza."

"Metroni, mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Na wewe?"

Nikaanza kuyakunja upya yale mablanketi.

"Liko wapi?" akauliza Metroni.

"Nyumbani. Limeungua."

"Lilete. Sitini na Moja hatoki hapa kabla hujarudi, mimi nitamshikilia na chai."

Nilitoka bila kula. Nilikata Dagoretti Corner, nikapita Jamhuri, nikashuka Kibera nikikimbia na viatu mkononi kwa sababu ya tope. Jirani akaniuliza, "Mama Otieno, kuna moto?" Nikamwambia hapana, nimesahau kitu. Nililing'oa mezani, nikalikunja, nikarudi kwa njia ileile. Njiani nilifikiria maneno ya kumwambia Rosa, na kufika Kongo nilikuwa nimeyapoteza yote.

Jua lilikuwa limeshainama. Wengine walikuwa wameondoka. Rosa alikuwa anafunga fungu lake, amenuna kidogo, kwa sababu alikuwa na zamu jioni na Metroni alikataa kumwachia.

"Sitini na Moja, kaa chini," alisema Metroni. "Mimi na huyu tuna neno."

Nililiweka blanketi magotini pa Rosa. Nikaeleza. Nilieleza vibaya, mwisho ukaja kabla ya mwanzo. Metroni akaongeza sehemu yake, ile ya taa, bila kujipunguzia. Rosa aligeuza pembe akaona namba. 

"Muhula mzima, Metroni."

"Najua."

"Ulijua?"

"Kila nilipokagua, nilikuona umejikunja."

Rosa alisimama akatoka. Tulimsikia uani, anatembea mpaka kwenye mfereji, anarudi, anaenda tena. Metroni alitafuta mkono wangu akaushika, au mimi niliushika wake, sikumbuki vizuri. Rosa aliporudi alisimama mlangoni, hakumtazama Metroni, alinitazama mimi.

"Mama yako alipona?"

"Alipona. Yuko nyumbani, ana kuku."

"Na ndilo alilojifunika?"

"Ndilo."

Aliingia, akaketi, akalitandaza blanketi. Akakiona kile kidonda cha pasi katikati.

"Wewe!" akasema. "Hata kupiga pasi hujui?"

Hapo ndipo mimi nilipoanza kulia, na yeye akaanza kucheka, na Metroni akasema kona, kona, akipapasa hewani. Rosa alikata kitambaa cha rangi ya majivu kutoka blanketi kuukuu, akashona kiraka upande mmoja, mimi upande wa pili, mpaka sindano zetu zikakutana. Alichelewa zamu. Sijui kama alitusamehe siku ile. Hakulisema neno hilo, na mimi sitamtilia mdomoni. Ninachojua ni kwamba kabla hajaondoka alikunywa chai ya Metroni mpaka mwisho, na kikombe akakiosha.

Metroni alishika pembe ya blanketi. Uzi wa zamani ulikuwa bado imara.

"Hili linarudi," alisema. "Kuna msichana mpya wa kitanda hiki Jumatatu. Sasa namba ni yake." Akaipapasa tena namba, kama mtu aliyefika mlangoni akakuta ufunguo hauko. "Wewe sasa nitakuita nani?"

"Peres, Metroni."

"Peres," akasema. Akalirudia polepole, kama anavyopapasa namba. "Peres."

Jumapili asubuhi lori lilipokuja, nilipanda. Nilikaa nyuma juu ya mablanketi, lile la kiraka nimeliweka juu kabisa ili lisipotee. Metroni alisindikizwa na mjukuu mpaka barabarani, akasimama na kifimbo, macho yake yakielekea pale sauti ya injini ilipokuwa. Dereva akatia gia. Tulikuwa tumeanza kusogea nilipomsikia, sauti ileile ya sokoni, ya bwenini.

"Peres!"

Mgongo ulinyooka wenyewe.

"Kona!"

Nikainama, nikaikunja.